Shajara ya mradi: kuoanisha ugumu wa vichwa na spidi, .38 Special na .357 Magnum

Kwa anayeanza kusoma sasa, mradi wenyewe ni huu. Nina rivolva moja ya .357 Magnum, mtutu wa inchi 4, naishi Texas, na huku mtu kujaza upya maganda yake nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe ni hobi ya kawaida kabisa, mashine na kalibu zinauzwa dukani waziwazi. Kama uko Tanzania au Kenya sheria za silaha ni nyingine kabisa, usijaribu, soma tu upate kujua. Sasa rivolva ya .357 inakula risasi za aina mbili, .357 yenyewe na .38 Special, na ndo raha yake. Ninachotafuta ni michanganyiko miwili ya madini ya kumwagia vichwa (ile sehemu ya mbele ya risasi inayoruka), mmoja wa .38 ya taratibu na mwingine wa .357 yenye nguvu, na yote miwili iache mtutu msafi. Sitafuti mchanganyiko mmoja wa kazi zote, nitaeleza kwanini.

Baruti sitaandika vipimo hapa. Kila kiwanda cha baruti kina jedwali lake, anzia kipimo cha chini na usipite cha juu, hiyo haina mjadala.

Januari, kabla ya kuwasha moto

Watu wengi wakianza hii kazi wanakimbilia ugumu. Unaingia dukani unakuta boksi la vichwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni vigumu, namba ya Brinell (kipimo cha ugumu) 18 au 20, mtu anaona basi hivi ndo vyenyewe, halafu anaenda kuvipiga kwenye .38 ya futi 750 kwa sekunde, anarudi mtutu umejaa risasi iliyoganda (hapa naongelea yale madini ya risasi, siyo risasi ya kufyatulia), na anachoamua ni kwamba anahitaji vigumu zaidi. Mimi naona tatizo lote linaanzia hapo.

Iko hivi. Kichwa cha madini matupu, kisichovikwa shaba, kinatakiwa kizibe mtutu kabisa. Baruti ikiwaka gesi inasukuma kitako chake, na madini yakiwa laini kiasi kinachoendana na ile presha basi kitako kinatanuka kidogo, kinajaza mitaro yote ya mtutu (ile michirizi ya ndani inayokizungusha kichwa), gesi haina pa kupita. Ni kama washa ya bomba, ikishakakamaa maji yatapita pembeni hata ukaze vipi. Kichwa kigumu kuliko presha iliyopo hakitanuki, gesi ya moto inapenya ubavuni, inachoma madini na kuyapaka kwenye kuta za mtutu. Kinyume chake nacho kipo, kichwa laini mno ukikipa presha kubwa kinateleza juu ya mitaro badala ya kuishika na kuzunguka nayo, kinachunika njia nzima.

Wazo la kitako kutanuka ni la zamani sana. Mfaransa Claude-Étienne Minié alilitumia miaka ya 1840, kichwa laini chenye shimo kitakoni ambacho gesi inakitanua ndani ya mtutu wa bunduki. Hadi leo vichwa vya shabaha vya .38, vile vya greni (kipimo kidogo cha uzito) 148 vilivyokatwa bapa mbele, vingine vina shimo hilohilo kitakoni na vinatengenezwa kwa madini laini sana. Vinapigwa taratibu makusudi, kwenye futi 700 na kitu, ukivikimbiza sana ule ukingo wa kitako unaweza kuachana na kichwa ukabaki mtutuni, na hiyo ni hatari ya kweli.

Kwa hiyo kabla ya madini nimepima bastola kwanza. Silinda tupu, nimehakikisha mara mbili, nikapaka mafuta ndani ya mtutu nikasukuma kipande cha risasi laini kwa ufito wa mbao kikatoka upande wa pili kimebeba umbo la mitaro. Maikromita (kifaa cha kupima unene kwa usahihi) inasoma inchi 0.357. Kalipa usitegemee hapa, tunaongelea nusu ya elfu moja ya inchi. Mtutu wangu una mitaro sita kwa hiyo kupima ni rahisi, mitaro inaangaliana, ila Smith & Wesson nyingi zina mitano na hapo maikromita ya kawaida inasumbua. Halafu nikapima koo za silinda, yaani lile tundu la mbele ambalo kichwa kinapitia kabla ya kuingia mtutuni, zote sita zinasoma 0.358. Nimefurahi sana maana hapo ndo bastola nyingi zinaharibikia. Koo ikiwa nyembamba kuliko mitaro, kichwa kinakamuliwa kikiwa bado kwenye silinda, kinafika mtutuni kimeshakonda, na hapo hata uchanganye madini ya namna gani gesi itapita tu.

Vichwa vyangu basi vitakuwa 0.358. Hili nimelimaliza kabla ya lingine lolote na nashauri kila mtu alimalize kwanza, ugumu ni wa pili.

Bado Januari, hesabu

Johan August Brinell, injinia wa Sweden, mwaka 1900 alionyesha njia yake ya kupima ugumu wa chuma: unakandamiza gololi ngumu kwa uzito unaoujua, unapima upana wa kishimo kilichobaki. Namba inayotoka ni kilo kwa milimita ya mraba. Na kilo moja kwa milimita ya mraba ni PSI (ratili kwa inchi ya mraba) 1,422, kwa hiyo ukizidisha namba ya Brinell mara 1,422 unapata presha ambayo madini yanaanza kushindwa kuihimili. Wajazaji wengi wanapenda presha ikae chini kidogo ya hapo, asilimia kumi hivi, ila isiwe chini sana maana kitako hakitatanuka.

Sasa weka risasi zenyewe. Kikomo cha .38 Special ya kawaida kwa viwango vya SAAMI, chama cha viwanda vya silaha na risasi vya Marekani, ni PSI 17,000, gawa kwa 1,422 unapata 12. Ila .38 ya shabaha haifiki kikomo, ukiwa kwenye 12,000 hesabu inakuambia 8 na nusu. .45 ACP ina kikomo cha 21,000, unapata karibu 15. .357 Magnum ni 35,000 na hesabu inataka 24 hadi 25, ambao ni ugumu mkubwa kuliko hata madini ya herufi za magazeti ya zamani.

Hapo ndo utaona kwanini spidi peke yake haitoshi kuongozwa nayo. Kila mtu anauliza futi ngapi kwa sekunde, mimi mwenyewe kronografu (kipima spidi) ninayo na naipenda, ila kichwa hakijui spidi kikiwa kinaanza safari, kinajua presha. Chukua kichwa kilekile cha greni 158, kipeleke futi 850 kwa baruti inayowaka haraka, halafu kipeleke futi 850 kwa baruti ya pole. Spidi ni ileile, ila ya haraka imepandisha presha juu kwa ghafla na ya pole imesukuma kwa muda mrefu zaidi kwa kilele cha chini. Kwa mchanganyiko mmoja wa madini, moja inaweza kuacha mtutu safi na nyingine ikaacha risasi.

Na hesabu yenyewe siichukulii kama sheria. Elmer Keith, mfugaji wa Idaho aliyepigania sana .44 yenye nguvu mpaka .44 Magnum ikatoka miaka ya 50, alipenda mchanganyiko wa sehemu 16 za risasi kwa moja ya bati, ambao ni Brinell 11 hivi, na alipiga nao risasi nzito ambazo hesabu ya 1,422 ingemwambia asithubutu. Vichwa vyake vilikuwa vinakaa sawasawa kwenye koo na vina mtaro mkubwa wa grisi. Upande mwingine .357 Magnum ilipotoka mwaka 1935, kiwanda kiliuza kichwa cha greni 158 kwa futi 1,515 kwenye mtutu mrefu wa inchi 8¾, madini laini, na watu walilalamika mno kwamba inapaka mtutu. Mambo haya mawili nayaweka kichwani pamoja, umbo na kipenyo vinaweza kuokoa madini laini, lakini kuna mahali pa kuishia.

Februari, madini

Nimepata ndoo ya vile vizito vya balansi ya matairi kwa fundi mmoja. Vinazidi kuwa adimu, Ulaya walivipiga marufuku kwenye magari mapya tangu 2005, California ikafuata 2010 na majimbo mengine nyuma yake, kwa hiyo siku hizi ndoo moja ina mchanganyiko wa risasi, zinki na chuma. Kuchambua ndo kazi yenyewe. Vya zinki vingi vimeandikwa Zn na vya chuma Fe, ambavyo havijaandikwa nabana kwa koleo, risasi inakatika laini, zinki inagoma kabisa. Na bado naangalia joto: risasi inayeyuka nyuzi 327 za Selsiasi, zinki 420, kwa hiyo nikiwa nayeyusha mara ya kwanza sivuki 380, kama kuna zinki imenipita itaelea juu naitoa na kijiko. Zinki ikishaingia ndani madini yanakuwa mazito kama uji na kalibu haijai, kuitoa tena ni shughuli.

Vile vya klipu vina antimoni asilimia 3 hivi na bati kidogo mno, ugumu unacheza 10 hadi 12. Vile vya kubandika kwa gundi ni karibu risasi tupu, 6 hivi, naviweka ndoo yake. Risasi tupu ni 5. Bati nalipata kwenye vikombe vya zamani vya pyuta kutoka maduka ya mitumba, bati linalosaidia ni asilimia 2 tu, linafanya madini yatiririke na kujaza kona za kalibu. Kuliongeza zaidi ni kutupa hela, maana ugumu mwingi unaletwa na antimoni.

Nimetengeneza miwili:

Laini: nusu vizito vya klipu, nusu vya gundi, bati asilimia 2.

Mgumu: risasi 90, antimoni 5, bati 5, ule mchanganyiko maarufu unaoitwa namba 2, wa Brinell 15. Antimoni yenyewe sikuigusa, inayeyuka juu ya nyuzi 630 na mvuke na vumbi lake si vya kuchezea, nimeipata kupitia madini ya linotaipu, zile herufi za mitambo ya magazeti, ambayo ni risasi 84, antimoni 12, bati 4, nikayapunguza kwa risasi laini na kuongeza bati.

Kuhusu maji nasema kwa msisitizo, tone moja likiingia chini ya madini yaliyoyeyuka linageuka mvuke papo hapo na sufuria nzima inaruka juu. Vizito vyote vinakauka juani kwanza, sufuria haikai karibu na bomba, mvua ikianza nazima.

Machi, kupima ugumu

Kipimo changu ni gololi ndogo ya inchi 5/32 inayokandamiza kichwa kwa ratili 60 kwa nusu dakika, halafu unasoma kishimo kwa darubini ndogo. Macho yanachoka kweli. Asiyenacho atumie penseli za kuchorea, kuanzia 6B mpaka juu, unasukuma ncha bapa kwenye madini, penseli ya kwanza inayokwangua ndo jibu, HB ikikwangua uko kwenye 14 au 15. Si kipimo cha maabara ila kinatenganisha laini na kigumu vizuri tu.

Jambo la muhimu la mwezi huu ni muda. Madini yenye antimoni yanaendelea kuwa magumu baada ya kutoka kwenye kalibu. Mchanganyiko wangu laini siku ya kumwaga ulisoma chini ya 8, wiki chache baadaye umekaa kwenye 9 na nusu. Huo mgumu nao umepanda mpaka 15 kamili ukatulia. Kwa hiyo anayepima siku hiyohiyo na kuandika namba kwenye boksi ameandika namba ya mpito. Risasi na bati bila antimoni haina tabia hiyo, haipandi.

Ukitaka ugumu bila kuongeza antimoni, vizito vya klipu unavidondosha kwenye ndoo ya maji vikiwa vimetoka kalibuni na moto, ile aseniki kidogo iliyomo inasaidia, ugumu unaenda 18, 20 na zaidi. Mimi sijaitaka njia hii kwa mradi huu kwasababu ile ndoo ya maji kukaa hatua chache na sufuria sijaipenda, na pia sijaona nahitaji 20.

Aprili, .38

Nimepiga mchanganyiko laini kwenye .38 Special, greni 158, kronografu inasoma karibu na futi 800. Grisi ni nusu nta ya nyuki nusu Alox, kilainishi cha dukani. Mtutu ukakaa safi, kuna rangi ya kijivu ya grisi inayofutika na kitambaa basi. Nikabadilisha nikapiga mchanganyiko mgumu kwa baruti ileile, kipimo kilekile, kipenyo kilekile. Hapo mwanzoni mwa mtutu, pale kichwa kinapotoka kwenye silinda na kuingia, kukawa na magamba madogo ya risasi. Hayakuwa mengi ila yapo na yanaonekana.

Mahali risasi inapoganda panaongea. Ikiwa mwanzoni mwa mtutu, shuku gesi inapita, yaani kipenyo kidogo au ugumu umezidi presha. Ikiwa mwishoni karibu na kutokea, grisi imeisha njiani. Ikiwa imefuata kingo za mitaro njia nzima, madini ni laini kwa ule mwendo. Kabla ya kubadilisha chochote nachungulia kwanza na tochi.

Kusafisha ni nyuzi za shaba za kusugulia masufuria, unazungushia kwenye brashi ya mtutu. Zijaribu na sumaku kabla, zikinata ni chuma kilichopakwa shaba, zitakuna mtutu.

Halafu kuna kitu nilitaka kukihakikisha, nikafungua risasi kadhaa nilizokwisha jaza nikapima vichwa vilivyotoka. Vichwa laini vilivyoingia 0.358 kwenye baadhi ya maganda vimetoka 0.3565! Maganda yenyewe yana kuta nene na kile kitanulio cha kwenye mashine kimetengenezwa kwa vichwa vya shaba ambavyo ni vyembamba zaidi, kwa hiyo ganda ndo lilikuwa linakikamua kichwa. Nimenunua kitanulio kinene zaidi, sasa vinaingia 0.358 na vinatoka 0.358. Hili halionekani kwa macho na wala hesabu ya Brinell haikuambii, na naamini watu wengi wanaolaumu madini yao wangefungua risasi moja tu wakapima wangekuta jibu.

Mei, .357

Mchanganyiko mgumu, greni 158, karibu futi 1,200, presha ya katikati na siyo ya kikomo. Hesabu kwa PSI 25,000 inataka 17 na nusu, mimi nina 15. Mtutu uko vizuri, ukungu mwembamba kwenye kingo za mitaro baada ya maboksi mawili, unatoka kwa brashi. Shabaha imetulia, vikundi vya matundu kwenye shabaha ya yadi 25 havina tofauti ya maana na vichwa vya shaba vya dukani. Kwenye mwendo huohuo nimejaribu vile laini kidogo tu, kundi likafunguka na mitaro ikaanza kushika risasi njia nzima, nikaacha. Hiyo ndo sababu ya michanganyiko miwili.

Kwenda juu zaidi, karibu na kikomo cha 35,000, sioni maana ya kufukuza Brinell 25. Madini magumu hivyo ni ghali, yanavunjika badala ya kukunjika, na kwenye presha ndogo hayana faida. Njia mbili zipo, kuvisha kitako kikombe chembamba cha shaba kinachozuia gesi, ambacho kinataka kalibu yake maalum, au kupaka vichwa rangi ya unga na kuvioka nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 20 hivi. Rangi inafanya kazi ya grisi na inazuia gesi, ila inaongeza elfu moja mpaka mbili ya inchi kwa hiyo lazima upime tena kipenyo baada ya kuoka, na oveni iwe ya kazi hiyo peke yake, ya jikoni hapana kabisa.

Swali la bastola za magazini limeulizwa, hasa Glock. Kitabu chao wenyewe kinakataza vichwa vya risasi tupu kwenye mitutu yao, mimi nafuata kitabu.

Mei, afya

Nimeenda kupima damu kabla sijaendelea na msimu wa kiangazi, nimeomba daktari kipimo cha madini ya risasi kwa jina. Namba yangu iko chini na nataka ibaki hapo maana nina watoto ndani ya nyumba. CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, tangu 2021 wanatumia mikrogramu 3.5 kwa desilita kama kiwango cha kumfuatilia mtoto, ni kidogo mno. Wengi wanaogopa sufuria, na sufuria ikiwa kwenye joto la kawaida la kumwagia, mlango wa gereji wazi na feni inavuta nje, si mbaya kama vumbi. Kiwashio cha risasi nyingi kina kemikali yenye madini ya risasi ndani yake, moshi wake na lile vumbi la kusafishia maganda ndo vinavyoingia mwilini. Kwa hiyo maganda nasafisha kwa maji na siyo kwa unga mkavu, magamba ya juu ya sufuria nayafunika kwenye kopo, nguo zinafuliwa peke yake, viatu vinabaki gereji, na hakuna chai wala sigara mezani hapo.

Juni, nilipofikia

.38 Special kwa futi 800: mchanganyiko laini, Brinell 9 na nusu, kipenyo 0.358, grisi ya nta, ganda limetanuliwa kwa kitanulio kinene. Hii nimeifunga, sibadilishi kitu.

.357 kwa futi 1,200: namba 2, Brinell 15, 0.358. Nayo imefungwa.

Kinachofuata ni rangi ya unga juu ya mchanganyiko laini, niupandishe taratibu kutoka futi 900 kwenda juu nikiangalia mtutu kila boksi, nione rangi inabeba madini laini mpaka wapi. Kipenyo cha mwisho itabidi kirekebishwe maana nikipaka juu ya 0.358 vitagoma kuingia kwenye koo, kwa hiyo vitapitishwa kwenye kikamulio (tundu la kuvipunguza kipenyo) baada ya kuoka, na nitavipima tena ugumu wiki kadhaa baadaye kwasababu joto la oveni nalo linaweza kuugusa.